Naomba ushauri: miche ya mikarafuu kutoka Unguja na hofu ya sisimizi wageni

Habari zenu ndugu. Nipo Ujiji, Kigoma. Shemeji anataka kunitumia miche ya mikarafuu kutoka Unguja, ikiwa na udongo wake kwenye viriba. Hofu yangu ni sisimizi. Kule Kisiwa cha Christmas, Australia, sisimizi wa njano walioingizwa na binadamu wameua mamilioni ya kaa wekundu. Sisimizi hao wananenepea majimaji matamu yanayotolewa na wadudu gamba (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa miti), hata mwaka 2016 ikabidi waletwe nyigu wadogo wa kushambulia wadudu hao. Mimi miembe yangu ina maji moto, yaani wale sisimizi wa kienyeji wanaoshona majani kuwa viota na kula wadudu waharibifu, na sitaki wafukuzwe na sisimizi wageni.

Nimemwomba atoe udongo, anasema mizizi haitavumilia safari.

Je, viriba viloweshwe dawa gani isiyodhuru mche? Au nitumiwe mbegu, ingawa za mkarafuu hupoteza uhai haraka?