Kususia bidhaa kisa Kombe la Dunia: nitajuaje zimetoka wapi?

Mdau wa Ujiji: Wakuu, vijiweni Kigoma wanasema tususie bidhaa za nchi fulani kisa siasa za Kombe la Dunia 2026. Msimbopau (barcode, ile mistari myeusi yenye namba) unatosha kuzitambua?

Duka la Mwanga: Hautoshi mkuu. Tarakimu 3 za mwanzo zinaonyesha kampuni ilikosajili msimbo, si kiwanda kilipo. 620 ni Tanzania, 616 Kenya. Mchele wa nje ukifungashwa na kampuni ya hapa unaweza kubeba 620. Soma maandishi madogo: "imetengenezwa" na "imefungashwa" ni vitu viwili. Jezi, geuza ndani usome lebo iliyoshonwa ubavuni. Nembo ya kampuni ya Ujerumani, imeshonwa Asia; hapo umemsusia nani?

Mzee wa Kijiwe: Mgomo unataka dai moja. Afrika ilisusia Kombe la 1966 ikidai nafasi yake. 1970 ikapewa moja, Moroko ikaenda. Hasira tupu haidumu hata hatua ya makundi.

Mama Mawese: Anzeni na mafuta ya kupikia, nunueni mawese ya hapahapa. Ila asubuhi ya baridi hugandia chini ya dumu. Yaanikwe juani, yatikiswe, ndipo upimiwe lita yako. La sivyo unaondoka na ya juu tu.

Mdau wa Ujiji: Shukrani. Jezi nimeshageuza: Thailand 😅