Tupeane uzoefu: Ulijuaje kwamba wakati wa kuweka simu kando umefika?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo lililonikaa moyoni tangu baba yangu alipopata kiharusi. Maradhi yale yalimwachia usemi mzito: husema maneno mawili matatu, hunyamaza akilitafuta neno linalofuata, kisha huendelea. Jioni moja nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake, naye akaanza kunieleza jambo. Alipokwama, nilitupia jicho simu iliyokuwa pajani, si kwa sababu kulikuwa na ujumbe wa maana, bali kwa kuwa kimya kilikuwa kirefu na kidole gumba changu kilikwisha kuzoea kujaza kila kimya kinachojitokeza. Nilipoinua macho, baba alikuwa akinitazama mkononi, si usoni. Alifunga mdomo, akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo, ninapoingia chumbani mwake simu hubaki mkobani, na mkoba hubaki sebuleni. Sitaki tuhesabu saa tunazotumia kwa siku, kwa maana hesabu hizo kila mtu anazo na hazijambadilisha. Nataka kujua ni dakika ipi hasa iliyokufumbua macho.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, ndugu, na Mungu amjalie mzee afya. Mimi ni dereva, na simu yangu ilikuwa ikikaa karibu na gia. Siku moja ilitetema, nikaitazama. Nilipoinua kichwa, gari la mbele lilikuwa limesimama, nami nilifunga breki nikasimama pakiwa pamebaki nafasi isiyotosha mtu kupita. Usiku usingizi haukuja, nikapiga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 5 za kusoma ujumbe ni mita 111 za kuendesha ukiwa kipofu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba uwezekano wa dereva anayetumia simu kupata ajali ni takribani mara 4 ya ule wa asiyeitumia, na kwamba kuzungumza bila kuishika mkononi hakupunguzi hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Mimi huiweka kwenye buti kabla sijawasha gari, kwa kuwa nimejijua: ikiwa karibu nitaigusa.

Mchangiaji wa pili

Kwangu mimi ilikuwa wakati wa kunyonyesha. Mtoto mchanga huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, ambao ndio umbali wa kutoka titini hadi usoni kwa mama. Usiku mmoja, taa ikiwa imezimwa, niliona mwanga wa simu umemwangukia mwanangu shavuni, naye ameacha kunyonya, amekodolea macho mwanga huo. Nilikuwa nimesoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, unaosema kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, nikajihesabu kuwa mama mwangalifu kwa sababu sikuwa nimempa yeye simu. Yangu mwenyewe sikuihesabu.

Mchangiaji wa tatu

Naheshimu yaliyosemwa, ila tusiwahukumu wote kwa kipimo kimoja. Mimi ni muuguzi, na zamu za dharura hunilazimu nipatikane hata niwapo mezani na familia. Nilichofanya ni kuruhusu namba tatu pekee ziite kwa sauti, na mengine yote yakae kimya. Wanangu wanajua kwamba ikilia, kuna mtu anayehitaji msaada.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mwanafunzi. Nilidhani kuilaza simu kifudifudi juu ya meza kunatosha, lakini nilikuwa nikisoma ukurasa uleule mara tatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin walichapisha mwaka 2017 matokeo yaliyoonyesha kwamba walioacha simu chumba kingine walifanya majaribio vizuri kuliko walioziweka mezani, ingawa baadhi ya waliorudia utafiti huo hawakupata matokeo hayohayo. Kwangu, chumba kingine ndicho kilichosaidia.

Mchangiaji wa pili

Dada yangu muuguzi, nimelichukua hilo la namba tatu. Na wewe mwanzisha mada, ulipata kumwuliza mzee alichotaka kukueleza jioni ile?

Mwanzisha mada

Nilimwuliza kesho yake, na nikamwuliza tena majuzi, simu ikiwa sebuleni nami nimemshika mkono. Alilitafuta neno kwa muda mrefu, nami nikasubiri. Kisha akasema, "Nimesahau."