Naomba ushauri: picha za bendi usiku, taa nyekundu zinanimaliza

Habari zenu wakuu. Niko Mwanza, wikendi napiga picha za bendi za hapa kwenye kumbi za Kirumba na Igoma. Natumia kamera ya Canon ya zamani, lenzi 50mm f/1.8. Taa zikigeuka nyekundu, uso wa mwimbaji unakuwa kama nyanya iliyopondwa, macho huyaoni. Nimepandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 3200, spidi ya shata sekunde 1/160: picha chenga tupu. Flashi, mpiga solo mmoja alinikataza, na simlaumu.

Je, nipige RAW (faili ghafi la picha) kisha nigeuze nyeusi na nyeupe, au kuna namna bora ya kupima mwanga? Pili, bendi zenyewe zinagawana kiingilio kiduchu, kwa hiyo picha nawapa bure. Nianzeje kuwatoza bila kuwakimbiza?