Kifua kikuu: kliniki ya binafsi au kituo cha serikali?

Mkaaji wa Katuba: Ndugu zangu wa Lubumbashi, mama yangu amegunduliwa kuwa na kifua kikuu katika kliniki ya binafsi. Je, anaweza kubaki kwa daktari huyo na bado apate dawa za serikali?

Muuguzi, Kampemba: Inawezekana. Dawa hizo hutolewa bure na mpango wa taifa, kwa kawaida kwa miezi 6, hivyo mpeleke kituo cha afya cha eneo lenu na barua ya daktari pamoja na majibu ya makohozi ili aandikishwe. Gharama za kliniki mtalipa wenyewe.

Mama wa Kamalondo: Tulifanya hivyo kwa mume wangu, ambaye pia ana kisukari. Waonyesheni daktari wa kliniki na wahudumu wa kituo karatasi zote, maana rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hupunguza nguvu za baadhi ya vidonge vya kisukari, na kwetu hakuna aliyeuliza kuhusu vidonge hivyo.