Nimelipia mawe yalazwe kwa mchanganyiko kamili, nimekuta madonge matano chini ya kila jiwe

Wakuu, salaam. Uwanja wangu wa nyuma uko Buswelu, na nilitaka usakafiwe kwa mawe bapa ya graniti, kwa kuwa hapa Mwanza mawe si kitu cha kutafuta. Tuliandikiana na fundi kwamba kila jiwe litakaa juu ya mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, uliotandazwa kikamilifu kwenye jamvi la zege lililokwishakuwapo.

Vuli ilipoanza, mawe yakaanza kucheza, na ukikanyaga pembe moja maji machafu yanaruka kwenye maungio. Nikachukua mtaimbo kung'oa jiwe la kwanza, nalo halikunisumbua hata kidogo: chini yake mlikuwa na madonge matano, moja katikati na manne pembeni, na kote kwingine ni uwazi uliojaa maji. Mgongo wa jiwe bado ulikuwa na vumbi la machimboni. Yaliyofuata yalikuwa hivyo hivyo.

Nilipompigia simu, fundi alinijibu bila haya: "Bosi, graniti ya huku haishikagi." Graniti hainywi maji kama tofali la kuchoma, na ndiyo sababu mgongo wake huoshwa na kupakwa uji mzito wa saruji muda mfupi kabla ya kulazwa. Aliyepaswa kulijua hilo ni yeye niliyemlipa.

Maungio nayo ni kichekesho. Badala ya kuyashindilia kwa mwiko mwembamba, alikoroga uji wa saruji, akaumwaga uwanja mzima na kuufagia, kisha akaondoka jua likiwaka, bila kufunika wala kuacha maagizo ya kumwagilia. Leo maungio yana nyufa, mawe yana utando wa kijivu, na ananishauri nisugue kwa asidi, kwa gharama zangu! Mteremko hata sitaki kuuzungumzia. Maji yanarudi ukutani.

Sasa anajitolea kujaza maungio upya, jambo ambalo nimelikataa, kwa sababu kuziba juu wakati chini kuna uwazi ni kuficha ubovu hadi masika. Ninachotaka ni mawe yote yang'olewe, yasafishwe na yalazwe upya kwa saruji anayoinunua mwenyewe, la sivyo tutaonana kwa mwenyekiti wa mtaa, na mkataba ninao. Mwenye fundi ambaye kazi yake ya mawe imekwishapita masika hata mawili, naomba anielekeze niende kuiona, na aniruhusu kugonga kwa mpini wa nyundo, kwa maana jiwe lenye uwazi chini hujulikana kwa mlio.