Mtu katoa futi ya kupimia mbele ya mchoro. Wallahi, futi!

Mwana_Shangani: Jamani, nyote mnamjua. Yule bwana wa kofia ya viua, hakosi ufunguzi wa maonyesho wala sambusa. Leo kasimama mbele ya kanvasi ya sentimita 90 kwa 120, kachomoa futi, kapima! Kisha ati: "Haiingii begini. Haya maji yana kazi gani? Kata hapa."

Kata hapa!

Jahazi liko juu kushoto, halizidi kiganja. Chini yake maji matupu, robo tatu ya mchoro, na ukingoni utepe mweusi wa vidole vinne. Utepe ndio unaobeba uzito, maji ndiyo yanayolipeleka jahazi mbali. Yaondoe, umebaki na jahazi tu, na hayo Forodhani yamejaa tele. Buluu ile ni mikono mitano myembamba ya rangi, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja umeachwa ukauke. Rangi ya mafuta ukiipaka nzito kwa unyevu wetu huu, juu hukauka, chini ikabaki mbichi, ikakunjamana kama utando wa maziwa.

Mchoro mzuri hauna pa kukata. Nani anakata pindo la kanga akasema mji, ile sehemu ya katikati, unatosha? Na futi yenyewe ya mita tano, trrr, mpaka Pemba wamesikia!

Bint_Wete: Tumesikia, yakhe, punguza kilio. Kukata si dhambi. Lubaina Himid, msanii mzaliwa wa Unguja, 2004 alitoa watu 100 wa mbao zilizokatwa, kimo cha mtu mzima, na kazi imesimama.

Mwana_Shangani: Kakata kazi yake! Huyu katoa FUTI!

Fundi_Fremu: Safari haitaki mkasi. Ng'oa pini, viringisha kwenye bomba la inchi 4, rangi iwe nje. Ikiwa ndani hubanana, ukifungua inapasuka. Mie kinachoniudhi ni fremu za mbao mbichi! Zikikauka zinapinda, kanvasi inalegea kama shuka, lawama kwa mchoraji.

Mama_Doti: Mmegusa pindo. Wauzaji wa siku hizi wanakata doti upande, kanga moja pindo nene, ya pili limebaki uzi! Chomoa uzi mmoja pale katikati, ufuate kwa mkasi.

Bint_Wete: Hilo kweli kabisa! Na ukichana kwa mkono?

Mama_Doti: Pamba inachanika sawa, ila inatoa nyuzi. Pinda kwa cherehani kabla hujafua.