Naomba ushauri: malaika wa karatasi wananilegea

Wakuu habari, na wakubwa shikamooni. Niko Kigoma, Mwanga, natengeneza malaika wa mti wa Krismasi na watoto wa kanisani. Karatasi ya A4 naikata katikati. Kipande kimoja nakikunja mikunjo midogo kama feni kiwe gauni, kingine mabawa, nafunga kwa uzi wa cherehani. Kichwa ni shanga ya mbao.

Sasa huo uzi: nikikaza unakata karatasi, nikilegeza mabawa yanageuka mbele, malaika anakuwa kama anaomba nauli. Ila kinachonitesa hasa ni unyevu wa mvua hizi. Jioni mikunjo imesimama wima, asubuhi gauni limefunguka lote, utadhani kalala ziwani. Nimejaribu manila, ni ngumu, inapasuka kwenye kunjo. Gundi ya unga wa ngano imewafurahisha mende tu.

Je, uzi wa kufumia utafaa zaidi? Na kuna aliyewahi kupaka vanishi juu ya karatasi nyeupe, haigeuki njano? Ninao 14, natakiwa nifikishe 40 kabla ya tarehe 20.